Lenzi za kulala nazo: maoni ya mama mwenye duka soko la Kikuubo, Kampala

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa dukani kila nikieleza jambo hili. Jozi moja ya lenzi, pamoja na vipimo na kuonwa na mtaalamu kwa mwaka wa kwanza, ilinigharimu zaidi ya ada ya muhula mzima ya binti yangu, na shule anayosoma si ya bei ya chini. Ongeza nauli ya basi la Kampala hadi Nairobi ya watu wawili, kwenda na kurudi, tena si safari moja. Ongeza na dawa ya kusafishia, ambayo kila ukidhani unayo ya kutosha, imekwisha. Anayetaka kulipa mara moja akasahau, kitu hiki hakimfai.

Kitu chenyewe ni lenzi ngumu, upana wake kama kifungo cha shati, anayovaa mtoto akienda kulala na kuivua akiamka. Mchana kutwa hana miwani wala chochote jichoni, na ubao anausoma. Jina la kitaalamu ni othokeratolojia. Binti yangu ana miaka tisa, yuko P.4, yaani darasa la nne la msingi, ni kitinda mimba wangu. Haoni mbali. Alianza miwani akiwa na namba -1.50, mwaka uliofuata ikawa -2.75, na namba ya kutoa ikikua ndivyo mbali panavyozidi kufifia. Kasi hiyo ndiyo iliyoniondolea usingizi, kuliko miwani yenyewe.

Maana miwani sina ugomvi nayo. Mie mwenyewe navaa, na babake anavaa. Kwetu Tanga mzee akivaa miwani ni heshima. Hapa Kampala mtoto akivaa, watu wanamwonea huruma. Mama mkwe alisema ni karoti hazitoshi. Mteja mmoja akaniambia, "Hajati, hiyo ni simu tu, mnyang'anye." Simu hana. Ana vitabu, na ana homuweki isiyokwisha.

Mtaalamu wa kupima macho tuliyemzoea hapa mjini ndiye aliyenifafanulia. Jicho la mtoto asiyeona mbali huwa limerefuka kupita kiasi, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo picha inatua kabla ya kufika kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Miwani ya kawaida inairudisha picha mahali pake, lakini jicho lenyewe linaendelea kurefuka jinsi mtoto anavyokua. Kila milimita moja ya ziada ni namba mbili na nusu hadi tatu kwenye miwani. Likirefuka sana, ukubwani linakuwa rahisi kupata matatizo ya retina kubanduka, presha ya macho, na kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina. Akanitajia njia zilizopo za kupunguza mwendo huo: matone ya atropini ya dozi ndogo, miwani yenye vilenzi vidogo vidogo vilivyozunguka kioo, lenzi laini maalumu za mchana, na hizi za usiku. Kliniki yake haikuwa na hizi za usiku. Akatuelekeza Nairobi, ambako kwa bahati dada yangu anaishi Eastleigh.

Sitaitaja kliniki ya Nairobi, kwa sababu ninachopima hapa ni lenzi na maisha yake, na kliniki yoyote inayojua kazi yake itakupitisha njia ileile. Nitasema tu mambo niliyoyapenda. Kwanza, hawakuuza siku ya kwanza. Walimpima mtoto namba, wakampiga ramani ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, kwa mashine inayoonyesha vilima na mabonde yake kwa rangi, wakapima urefu wa jicho. Likatoka 24.6 milimita jicho la kulia na kushoto karibu hivyohivyo. Wakaniuliza nani atakuwa anamvalisha, analala saa ngapi, tunatumia maji gani, ana mzio. Mimi ni mfanyabiashara, namjua muuzaji anayetaka kuuza na muuzaji anayetaka mali isirudishwe. Mtaalamu wao alikuwa wa pili.

Pili, alinieleza kinachotokea jichoni kwa lugha ya kueleweka. Konea unene wake ni kiasi cha nusu milimita. Lenzi imechongwa iwe bapa zaidi katikati kuliko jicho lenyewe. Kati ya lenzi na jicho kuna utando wa machozi, na msukumo wa machozi hayo usiku kucha ndio unaozihamisha seli za tabaka la juu, katikati pakawa pembamba, pembeni pakanenepa. Kinachopungua ni kama sehemu mbili kati ya mia za milimita moja. Kidogo hicho ndicho kinachomfanya asome ubao. Na ule ukingo uliobaki mnene unaupinda mwanga wa pembeni utue mbele ya retina badala ya nyuma yake. Wengi wa wataalamu wanaona hapo ndipo jicho linapopata ishara ya kupunguza kurefuka. Ukiacha kuvaa, konea inarudi ilivyokuwa ndani ya siku au wiki chache. Hakuna kilichokatwa.

Nikamuuliza kama konea haikosi hewa, maana haina mishipa ya damu na oksijeni yake inaipata kutoka hewa ya nje. Akasema ndiyo maana lenzi hizi hutengenezwa kwa plastiki inayopitisha oksijeni kwa wingi, na ndiyo maana Marekani iliruhusu aina ya kwanza ya kulala nayo mwaka 2002 tu, ilhali wazo la kunyoosha konea kwa lenzi lilikuwepo tangu miaka ya 1960.

Tulikwenda likizo ya Desemba, kwa sababu ndiyo ndefu. Hili ni muhimu kwa yeyote anayetoka Uganda. Baada ya usiku wa kwanza lazima jicho likaguliwe asubuhi yake, kisha baada ya wiki, kisha mwezi, kisha miezi mitatu, halafu kila nusu mwaka. Huwezi kufanya hivyo katikati ya muhula kwa basi linalolala njiani na kusimama mpakani Busia saa nane za usiku. Tulikaa kwa dada yangu mpaka ukaguzi wa mwezi ukapita. Baada ya hapo mtaalamu wetu wa Kampala anamkagua konea kwa darubini yake na kupima namba, na ramani na urefu wa jicho tunakwenda kupimiwa Nairobi.

Usiku wa kwanza alilia. Si kwa maumivu makali. Alisema ni kama kope imeingia jichoni na haitoki. Lenzi ngumu unaihisi ukiwa macho, ukifumba haina neno. Mama yake mdogo akamlaza, akamsimulia za sungura mpaka akapitiwa. Asubuhi akavuliwa, akasimama dirishani, akasoma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, si vizuri, kwa kukunja uso, lakini alisoma. Baada ya wiki uso haukukunjwa tena. Namba zake zilikuwa za wastani; wenye namba kubwa huchukua muda zaidi, na kwa kawaida hawavuki -6.00.

Basi hapo ndipo sifa za lenzi zinapoishia na kazi yangu inapoanza.

Kila usiku, saa mbili, nanawa mikono kwa sabuni, najifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Natoa lenzi ya kulia, kisha ya kushoto. Zina rangi tofauti ili zisichanganywe. Nasuuza kwa maji ya chumvi ya dawa, si ya bomba. Naweka tone la machozi ya bandia ndani ya lenzi, mtoto anainama uso ukielekea meza, naweka. Kukiwa na povu chini ya lenzi natoa narudia. Asubuhi naweka tone jingine, nasubiri, nasukuma ukingo wa chini wa jicho polepole mpaka lenzi itikisike, ndipo natoa kwa kile kipira kidogo cha kunyonya. Siku nyingine lenzi huamka imegandamana na jicho. Ukiivuta kwa nguvu unamkwaruza. Unaweka tone, unasubiri, na gari la shule linapiga honi nje.

Maji ndiyo hoja kubwa, na watu wa kwetu hawaielewi haraka. Mtu anaona maji ya bomba yamechemshwa, yamepoa, ni safi ya kunywa, kwa nini yasisuuze lenzi? Kwa sababu kuna kijidudu kinaitwa akanthamoeba kinachoishi kwenye maji, hata ya bomba, na kikipata konea iliyokwaruzika chini ya lenzi kinaweza kumaliza jicho. Matibabu yake ni miezi. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa 2013 ulikadiria maambukizi ya konea kwa watoto wanaovaa lenzi hizi kuwa kama 14 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Ni kidogo. Lakini hesabu hiyo ilitokana na wagonjwa waliokuwa na maji, sabuni na madaktari karibu, na mie nyumbani kuna siku maji yamekatika, nina jeri keni tu. Kwa hiyo chombo cha lenzi hakiingii bafuni kabisa. Kinakaa chumbani kwangu, juu ya kabati, na hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba anayeruhusiwa kukigusa.

Kwetu sisi tunaoswali kuna jambo ambalo hakuna aliyeliandika kwenye karatasi ya maelekezo. Mtoto akiamka alfajiri, lenzi zitoke kwanza, mikono ikiwa mikavu, kisha ndiyo atie udhu. Akianza na udhu amejimwagia maji ya bomba machoni na lenzi zimo ndani. Ilibidi nimzuie mlangoni mwa bafu asubuhi nyingi mpaka akazoea. Ramadhani nayo ina hesabu yake. Lenzi zinahitaji kama saa nane za macho kufumba, na daku inazikata katikati. Alipotaka kufunga nusu siku na wenzake, tulikubaliana anaamka na lenzi zake, anakula, anarudi kulala, na uso hanawi. Ilifanya kazi, ila jioni za mwezi ule ubao wa madrasa ulikuwa na ukungu kidogo.

Usingizi ndio gharama iliyofichika. Gari la shule linapita saa kumi na mbili kasoro. Anaamka saa kumi na moja. Ukirudisha nyuma, lazima awe amelala saa tatu usiku, na lenzi ziwe zimeingia kabla ya hapo. Sasa niambie ni shule gani ya Kampala inayompa mtoto wa P.4 homuweki inayoisha saa mbili. Nilikwenda kumwona mwalimu wa darasa, nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu kisha akaniambia, "Mama, wenzake wanafanya mpaka saa nne." Tangu siku hiyo, ikifika saa mbili nafunga daftari na kuandika kwa kalamu nyekundu chini yake: amekwenda kulala. Mwalimu hajalalamika tena, au labda ameninyamazia.

Umeme ukikatika, sifanyi kazi ile kwa taa ya simu. Nilinunua taa ya sola yenye mwanga mweupe kwa ajili hiyo tu. Na mtoto akiwa na mafua, homa au jicho jekundu, lenzi hazivaliwi. Hilo halina mjadala. Miwani yake ya zamani iko droo ya juu, lakini namba yake haimfai siku ya kwanza, maana konea bado iko katikati ya kurudi. Tuna siku mbili tatu za kuona hovyohovyo, shule wanajua.

Nililokasirika nalo ni dawa. Lenzi ngumu zina dawa yake. Chupa nyingi madukani ni za lenzi laini, zile za wasichana wanaobadilisha rangi ya macho kwenda harusini. Muuzaji wa duka moja la dawa mjini, simtaji, alinikazania chupa mkononi akisema dawa ni dawa. Nikamwonyesha maandishi. Akanionyesha bei. Nyingine ni ya peroksaidi, nzuri sana kwa kuua vijidudu, lakini lazima ikae kwenye chombo chake kwa saa zisizopungua sita mpaka ipoe makali, na ukiitia jichoni moja kwa moja utajuta. Sasa naagiza Nairobi chupa za miezi kadhaa kwa watu wa mizigo. Nyumba yenye vijana wanaofungua kila chupa iliyo kwenye kabati, peroksaidi isiingie.

Kuhusu kuona, mchana hana tatizo. Usiku kwenye giza mboni inapanuka kupita ile sehemu iliyonyooshwa, na anasema taa za boda zina duara kubwa kama zimevaa kofia. Kwa mtoto haidhuru, haendeshi. Kwa kijana anayejifunza kuendesha ningefikiri mara mbili. Mpira wa neti anacheza bila miwani kuruka. Hili kwake ndilo kubwa kuliko yote, na ukimuuliza yeye atakupa nyota tano kwa ajili hiyo pekee.

Je, jicho limeacha kurefuka? Halijaacha. Baada ya mwaka, la kulia lilitoka 24.6 likawa 24.8. Mtaalamu alifurahi, mie nilitaka isogee sifuri. Akanionyesha utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2012, watoto wa miaka sita hadi kumi: waliovaa miwani jicho lilirefuka 0.63 milimita kwa miaka miwili, waliovaa lenzi za usiku 0.36. Hiyo ni pungufu ya asilimia 43. Nikaona pia, maana ndiyo macho yangu ya biashara, kwamba walioanza ni watoto 102 na waliomaliza ni 78. Wengine waliishia njiani, wa lenzi na wa miwani vilevile. Kwa mtoto mmoja huwezi kujua angekuwaje bila lenzi. Ninachojua ni kwamba mwaka wa kabla yake namba ziliruka, na mwaka huu hazikuruka.

Mtaalamu alinionya pia nisimwachishe mapema. Jicho la mtoto anayeacha kabla ya kama miaka kumi na minne linaweza kurefuka kwa kasi tena. Kwa hiyo hesabu yangu ya gharama si ya mwaka mmoja. Lenzi zenyewe hubadilishwa kila mwaka au zaidi kidogo, maana zinakwaruzika na kushika utando.

Sasa kuna jambo ambalo halina bei na limefanya kazi kwingine. Taiwan tangu 2010 imezihimiza shule zitoe watoto nje dakika 120 kwa siku, kwa sababu mwanga wa jua unachelewesha tatizo hili kuanza. Sisi Uganda jua tunalo bure mwaka mzima, halafu tunawafungia watoto darasani wakati wa mapumziko kwa ajili ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ambao bado uko miaka mitatu mbele. Kama mwanao bado anaona vizuri, mtoe nje kabla hujafikiria lenzi yoyote. Wangu keshavuka hapo, lakini jioni namtoa hata hivyo, akacheze kwa jirani mwenye uwanja.

Nani asinunue? Mzazi ambaye mtoto analala bweni. Nasema hivyo bila kumung'unya. Bwenini kuna watoto sitini, matroni mmoja, bomba la nje na beseni. Mtoto wa miaka kumi atasuuza lenzi kwa maji ya jeri keni kwa sababu chupa imeisha na mama yuko mbali, na hatasema jicho linauma mpaka siku ya kutembelewa. Kwa huyo, miwani yenye vilenzi au matone yanayowekwa mara moja kwa usiku yana nafuu, na kama hayapatikani, miwani ya kawaida iliyo sahihi ni bora mara mia. Mzazi anayesafiri kila wiki pia, kama hakuna mtu mzima mwingine nyumbani aliyefundishwa kuvalisha na kuvua. Mie nilimfundisha mume wangu. Mikono yake ni mikubwa, ya fundi magari, lakini ni mtulivu kuliko mimi, na mtoto anampenda zaidi kwenye kazi hiyo.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alituita wazazi kutuambia kuanzia P.6 shule inataka watoto wote walale bweni. Wazazi wengi walipiga makofi. Nimeshaanza kuulizia shule za kutwa njia ya Bweyogerere, na mbili zimenipa fomu.